Matumizi na vipaumbele vya ulinzi vya Shelisheli

Shelisheli ni nchi ya visiwa 115 katika Bahari ya Hindi, takriban kilomita 1,500 mashariki ya pwani ya Afrika. Wakazi wake ni kama laki moja na ushei. Nchi kavu yote ni kilomita za mraba 455 hivi, karibu nusu ya kisiwa cha Pemba; lakini eneo lake la kiuchumi baharini ni takriban kilomita za mraba milioni 1.37, kubwa kuliko Tanzania nzima. Tofauti hiyo ndiyo inayotawala sera yake ya ulinzi: mali ya taifa iko majini, na walipakodi wa kugharimia ulinzi wake ni wachache.

Historia

Shelisheli ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza tarehe 29 Juni 1976 bila jeshi la maana. Tarehe 5 Juni 1977 kundi dogo la watu wenye silaha lilimpindua Rais James Mancham, na waziri mkuu wake, France-Albert René, akashika madaraka. Serikali mpya iliunda jeshi mwaka huohuo, na Tanzania ya Mwalimu Nyerere ikatuma askari kulisaidia.

Kwa miaka kumi iliyofuata hofu kuu ilikuwa kupinduliwa. Tarehe 25 Novemba 1981 mamluki wakiongozwa na Mike Hoare walitua katika kisiwa kikuu, Mahé, wakijifanya watalii wa klabu ya wanywaji bia. Bunduki iliyofichwa katika mzigo wa mmoja wao iligunduliwa na ofisa wa forodha, mapigano yakazuka kwenye uwanja wa ndege, na wengi wao wakatoroka kwa kuiteka ndege ya Air India hadi Durban. Agosti 1982 baadhi ya askari wa Shelisheli wenyewe waliasi. Askari wa Tanzania walisaidia kuyazima maasi hayo. Katika mazingira hayo, silaha na askari vilikusudiwa kwanza kulinda Ikulu, redio na uwanja wa ndege.

Mfumo wa vyama vingi na katiba ya 1993 vilipunguza hofu hiyo. Kikosi cha walinzi wa pwani, kilichoanzishwa mwaka 1992, kikawa hatua kwa hatua tegemeo kuu la ulinzi.

Muundo

Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Jeshi ni dogo, lina askari wa nchi kavu, walinzi wa pwani na kikosi cha anga. Shelisheli haina ndege za kivita. Za kijeshi ilizonazo ni za doria na usafiri.

Vipaumbele

Uharamia wa Kisomali ulibadili mpangilio wa kazi. Kuanzia mwaka 2009 maharamia waliteka vyombo ndani ya maji ya Shelisheli, wakatishia utalii na uvuvi wa jodari, nguzo mbili za uchumi. Machi 2010 meli ya doria Topaz ilipambana na maharamia na kuwaokoa mateka, wakiwemo wavuvi sita wa Kishelisheli. Sheria ya makosa ya jinai ilirekebishwa mwaka huo, na mahakama za mji mkuu, Victoria, zikawahukumu washukiwa waliokamatwa hata na manowari za nchi nyingine.

Uharamia ulipopungua, doria zilielekezwa zaidi kwenye uvuvi haramu na heroini inayosafirishwa kwa majahazi kupitia magharibi mwa Bahari ya Hindi. Heroini ni jambo zito kwa Shelisheli, kwani idadi ya watumiaji wake ni kubwa mno ikilinganishwa na wakazi.

Bajeti na misaada

Katika miaka ya karibuni matumizi ya ulinzi yamekuwa kati ya asilimia 1 na 2 ya pato la taifa. Mwaka 2008, uharamia ukinyemelea, serikali ilishindwa kulipa madeni yake ya nje na kuingia katika mpango wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Kununua meli mpya kwa fedha zake kulikuwa kugumu.

Kwa sababu hiyo vifaa vikubwa huja kwa hisani. India ilitoa Topaz mwaka 2005, ndege ya doria aina ya Dornier mwaka 2013 na meli Zoroaster mwaka 2021. China ilitoa ndege mbili za Y-12, na Falme za Kiarabu zikagharimia kituo cha walinzi wa pwani kilichofunguliwa mwaka 2011. Marekani nayo iliweka Mahé ndege zisizo na rubani kuanzia 2009. Meli ya kupewa, hata hivyo, hutaka mafuta, vipuri na mabaharia kila mwaka, na gharama hizo hubaki mezani kwa mpokeaji.

Suala la Assumption

Mwaka 2015 Shelisheli na India zilikubaliana kujenga miundombinu ya kijeshi katika kisiwa cha Assumption, na mkataba uliorekebishwa ukatiwa saini Januari 2018. Wananchi waliandamana wakihofia mamlaka ya nchi yao, uhasama wa mataifa makubwa na usalama wa Aldabra, kisiwa jirani kilicho katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1982. Upinzani, uliokuwa na wabunge wengi, ulikataa kuuridhia. Juni 2018 Rais Danny Faure alitangaza kwamba hataupeleka bungeni, na kwamba Shelisheli ingejenga kituo hicho kwa fedha zake yenyewe.