Mombasa hadi Gatongora: Saa Moja ya Ndege Haitoshi

Kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, hadi ule wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ni takriban kilomita 423 kwa mstari ulionyooka. Tiketi itakuandikia saa moja au dakika chache zaidi, ingawa angani kwenyewe ni kama dakika 45. Jeti ikishashika kasi yake hukata masafa kama hayo kwa nusu saa tu, lakini safari hii ni fupi mno kwake: haijamaliza kupanda vizuri, rubani ashaanza kuteremka. Ndiyo maana ndege za mapanga haziachwi mbali sana.

Nina ndugu zangu Gatongora, kule Ruiru, na najua si mimi pekee. Khabari ya msiba ikiingia alfajiri, swali la kwanza nyumbani ni moja: watawahi maziko? Sisi hatukawizi maiti, na saa moja ya tiketi haimfikishi mtu makaburini.

Tuseme maiti ataswaliwa baada ya Alasiri, saa kumi jioni. Anayetoka Gatongora atashika barabara ya Eastern Bypass, apite Kamakis na Utawala hadi Embakasi, kilomita thelathini na kitu. Njia ikiwa wazi ni chini ya saa moja. Asubuhi watu wakienda kazini, mpe saa moja na nusu au hata mbili. Uwanjani kuna foleni za ukaguzi, na kaunta hufungwa mapema kabla ndege haijaondoka, kwa hivyo ongeza saa moja na nusu. Kisha ndege yenyewe, saa moja. Akishuka Port Reitz bado ana malori ya Changamwe na daraja la Makupa, nusu saa hadi saa nzima kufika kisiwani. Anayeelekea Kusini afadhali apitie Dongo Kundu kuliko kungoja feri Likoni.

Jumla ni saa nne na nusu hadi tano na nusu. Treni ya SGR pekee hula saa tano hadi sita kutoka Syokimau hadi Miritini, bila kuhesabu njia ya kufika kituoni. Basi ni saa nane na zaidi, na huyo msimngojee Alasiri.

Jambo jingine: soma jina la uwanja kwenye tiketi. Ndege nyingi za Lamu, Malindi na Ukunda hutumia Wilson, ulioko barabara ya Lang'ata. Kwa mtu wa Gatongora huko ni kuvuka Nairobi nzima, wallahi bei rahisi ya tiketi itaishia kwenye teksi.

Kwa hesabu hii, atakayewahi saa kumi awe ametoka Gatongora kufikia saa nne asubuhi, tiketi mkononi. Ikifika saa tano na bado anatafuta nafasi, wenye msiba waambiwe hapo hapo, waamue wenyewe kama watamngoja mpaka baada ya Magharibi au watazika.