Fungate Unguja: Tuhesabu Upepo, Siyo Mvua Peke Yake

Dada zetu, fungate ni siku saba, nazo hazirudi. Kwetu Nyakahura, wilayani Biharamulo, tunahesabu mwaka kwa mvua. Juni hadi Agosti ni kiangazi, mavuno yameingia, ndoa zinafungwa. Bibi harusi anayekwenda Unguja huona mbingu kavu akadhani na bahari imetulia.

Watu wa pwani walihesabu kwa pepo. Kwa karne nyingi kaskazi, inayovuma Desemba hadi Machi, ilileta Zanzibar majahazi ya Omani na Uhindi; kusi, kuanzia Aprili, iliyarudisha. Juni na Julai, kusi ilipokaza, manahodha wengi wa safari ndefu walitia nanga wakangoja. Mvua hakuna, lakini bahari imechafuka.

Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kiangazi, meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, upepo ukiwa mkali. Makumi ya watu walikufa. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Basi tupange hivi. Tusikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa onyo la upepo mkali na mawimbi, tusivuke. Tuweke siku moja ya akiba kabla ya kurudi kazini. Miezi ya kusi, Paje na Jambiani hupigwa na upepo. Nungwi na Kendwa kuna utulivu zaidi. Bahari ikikataa, tutembee Mji Mkongwe.

Manahodha wale walikuwa watu wa tawakali, na bado walingoja.