Kulea makinda yatima wa ndege wa porini

Kulea makinda yatima wa ndege wa porini ni kazi ya kumlisha na kumtunza kinda aliyepoteza wazazi wake mpaka aweze kuruka, kujitafutia chakula na kukwepa maadui bila msaada wa binadamu. Kazi hii hufanywa na vituo vya kuokoa wanyamapori, bustani za wanyama na miradi ya kuhifadhi spishi zilizo hatarini kutoweka. Mara nyingi huanzia kwa mtu wa kawaida aliyeokota kinda chini ya mti. Kumkuza kinda mpaka aote manyoya kunachosha, lakini kunawezekana. Ugumu mkubwa ni kumkuza bila kumfanya amwone binadamu kuwa mzazi au mwenzake, kwa kuwa ndege wa namna hiyo huwa hana nafasi nzuri ya kuishi porini.

Kumtambua yatima

Makinda wengi wanaookotwa si yatima. Ndege wengi wadogo hutoka kiotani kabla hawajaweza kuruka vizuri, wakarukaruka chini au kwenye vichaka kwa siku kadhaa huku wazazi wakiendelea kuwalisha. Kinda wa umri huu ana manyoya karibu mwili mzima, mkia mfupi, na anaweza kusimama na kushika kijiti. Anapaswa kuachwa alipo, au kusogezwa tu hadi kwenye kichaka cha karibu ikiwa kuna paka, mbwa au barabara. Kinda aliye uchi au mwenye manyoya machache amedondoka mapema mno, na dawa yake ni kumrudisha kiotani. Kiota kikiwa kimevunjika, kikapu kidogo kilichotobolewa chini ili maji ya mvua yapite kinaweza kufungwa kwenye tawi lilelile.

Imani kwamba ndege humkataa mtoto aliyeguswa na mtu haina msingi. Wazazi hurudi kwa sauti na mdomo wazi wa kinda. Kinda huhesabiwa kuwa yatima pale ambapo wazazi wamekufa, au hawajaonekana baada ya kuangaliwa kwa mbali kwa saa kadhaa. Aliyejeruhiwa huhitaji daktari wa wanyama hata kama wazazi wapo. Aliyeng'atwa na paka hupelekwa haraka zaidi, kwa sababu bakteria wa mdomoni mwa paka huweza kumuua ndege hata kama jeraha ni dogo.

Katika nchi nyingi sheria hairuhusu mtu kumweka ndege wa porini bila kibali. Nchini Kenya na Tanzania wanyamapori wako chini ya sheria za uhifadhi za mwaka 2013 na 2009, na aliyempata kinda hutakiwa kuwaarifu maofisa wa wanyamapori.

Joto na chakula

Joto hutangulia chakula. Kinda aliyepoa hawezi kumeng'enya, na akilishwa chakula hubaki kooni na kuoza. Kinda asiye na manyoya huhitaji joto la takriban nyuzi 32 hadi 35 za selsiasi, ambalo hupunguzwa kidogo kidogo kadiri anavyoota manyoya. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa hutosha kwa saa za mwanzo. Anayehema mdomo wazi amezidiwa na joto.

Maji hayamiminwi mdomoni. Tundu la njia ya hewa liko nyuma kidogo ya ulimi, na tone moja likipita huko linaweza kumuua. Kinda hupata maji yake ndani ya chakula. Mkate na maziwa ya ng'ombe, ambavyo ndivyo vitu vya kwanza watu wengi huvikimbilia, havimfai ndege yeyote.

Chakula hutegemea aina ya ndege. Hata shomoro na mnana, wanaokula mbegu wakiwa wakubwa, huwalisha watoto wao wadudu kwa wingi, kwa hiyo makinda wao hupewa panzi, nyenje na kumbikumbi waliokatwa vipande. Njiwa na tetere huwalisha watoto uji mzito unaotoka katika mfuko wa chakula ulio kooni mwa mzazi. Makinda wao hawafungui mdomo kama wengine, bali huusukuma ndani ya mdomo wa mzazi, na mlezi asiyejua hili hudhani kinda amekataa kula. Bundi na kozi hupewa panya mzima aliyekatwakatwa, pamoja na mifupa. Wakipewa nyama tupu hukosa kalsiamu, mifupa ikapinda, na ndege wa namna hiyo haruki tena.

Kinda mdogo wa ndege wa vichaka hulishwa kila baada ya nusu saa au chini ya hapo, kuanzia alfajiri mpaka jua kutua. Watu wengi hushindwa hapa, siku ya pili au ya tatu.

Kumzoea binadamu

Mwaka 1935 mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, Konrad Lorenz, alieleza jinsi vifaranga wa bata bukini wanavyomfuata kama mama kiumbe wa kwanza kumwona akitembea baada ya kuanguliwa, hata akiwa binadamu. Mwaka 1973 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Karl von Frisch na Nikolaas Tinbergen. Katika aina nyingi za ndege, alama hii ya mwanzo huamua pia ni nani ndege atamtafuta kuwa mwenzi baadaye. Korongo, bundi, tai na kasuku huathirika sana. Bundi dume aliyezoea watu hukua na kuwashambulia, kwa kuwa anawaona ni wapinzani waliovamia eneo lake.

Kinga rahisi zaidi ni kumweka kinda pamoja na makinda wengine wa spishi yake, kutozungumza karibu naye na kutomshika ila kwa kazi. Mradi wa kondori wa Kalifornia ulikwenda mbali zaidi. Mwaka 1982 walikuwa wamebaki ndege 22 tu, na mwaka 1987 wa mwisho aliyekuwa porini alikamatwa ili wote wazalishwe. Katika bustani za wanyama za San Diego na Los Angeles makinda walilishwa kwa kikaragosi cha mkononi chenye sura ya kondori mzima, mlezi akiwa amejificha nyuma ya ukuta.

Hata hivyo baadhi ya vijana walioachiwa kuanzia mwaka 1992 walitua kwenye nguzo za umeme na kuwakaribia watu. Kikaragosi kilikuwa kimewaonyesha sura ya kondori bila kuwafundisha adabu yake. Baadaye waliwekewa mabandani nguzo za bandia zinazotoa mshtuko mdogo wa umeme, na wakawekwa pamoja na kondori wazima waliowafukuza na kuwarekebisha kama wanavyofanya porini.

Kujitegemea

Maandalizi huanza kinda angali analishwa. Huwekewa wadudu hai au mbegu mbele yake, na milo ya mkononi hupunguzwa anapoanza kudonoa. Kisha huhamishiwa banda kubwa la nje ambamo hukaza mabawa, huzoea mvua na jua, na hujifunza kuoga na kupanga manyoya yake. Kabla ya kuachiwa hupimwa uzito na uwezo wa kuruka mfululizo, na anayekimbilia watu hazuiwi kwa huruma bali huongezewa muda wa kukaa na wenzake.

Kwa ndege wawindaji hutumiwa mbinu ya kuachia taratibu, iliyotoka kwa wafugaji wa kozi wa zamani. Makinda ambao hawajaruka huwekwa ndani ya sanduku juu ya mnara au jabali, na chakula hupitishwa bila wao kumwona mlezi. Sanduku hufunguliwa wanapokaribia kuruka, lakini chakula huendelea kuwekwa palepale kwa wiki kadhaa mpaka waache wenyewe kurudi. Kozi wa Morisi, ambaye mwaka 1974 alijulikana kubaki na ndege wanne tu porini, aliongezeka tena hadi mamia kwa njia hii pamoja na nyingine, katika mradi ulioongozwa na Carl Jones kuanzia mwaka 1979.

Kozi hufanikiwa kwa sababu uwindaji wameuzaliwa nao kwa kiasi kikubwa, na wanaukamilisha kwa kucheza. Korongo mweupe wa Amerika Kaskazini hujifunza njia ya kuhama kwa kuwafuata wakubwa. Kuanzia mwaka 2001 makinda waliolelewa na watu waliovaa mavazi meupe yanayoficha umbo la binadamu waliongozwa na ndege ndogo yenye injini kutoka Wisconsin hadi Florida. Walijifunza njia, lakini wengi wao walishindwa kulea watoto wao wenyewe, na mwaka 2016 serikali ya Marekani iliamua kuacha mbinu hiyo.

Wasioweza kurudi

Nchini Rwanda korongo taji, waitwao umusambi kwa Kinyarwanda, walichukuliwa kwa miaka mingi katika mabwawa wakiwa makinda na kufugwa kama pambo katika nyumba na hoteli. Kuanzia mwaka 2014 zaidi ya 200 wamekusanywa na shirika lililoanzishwa na daktari wa wanyama Olivier Nsengimana. Wenye afya walitengwa, wakapimwa magonjwa, kisha wakapelekwa Hifadhi ya Taifa ya Akagera. Wale waliokatwa ncha za mabawa au kuvunjwa mifupa hawataruka tena. Wengi wao wanaishi Umusambi Village jijini Kigali, kwenye bwawa lililorudishwa hali yake, ambako korongo wa porini nao huja kutua.