Nyumba ya Mtu, Ardhi ya Mwenyewe: Makao ya Kwanza ya Ng'ambo

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa kuwa hali inayotambuliwa na mahakama za Unguja na Pemba. Amri hiyo husifiwa kwa lile ililolitoa, na ni nadra kusomwa kwa lile ililolidai. Mtumwa hakufuatwa alipo akaambiwa kuwa sasa yu huru. Ilimbidi aende mwenyewe kuuomba uhuru wake, na akishaupata, aonyeshe kuwa ana makao maalumu na njia ya kujipatia riziki. La sivyo angeweza kuhesabiwa mzururaji. Kwa hiyo nyumba, ijapokuwa ya chumba kimoja na paa la makuti, ilikuwa ushahidi wa uungwana kabla haijawa stara ya jua na mvua.

Wengi walibaki mashambani, wakifanya kazi kwa makubaliano mapya katika ardhi zile zile za mabwana wa jana. Wengine walielekea mjini. Mji wenyewe, yaani Mji Mkongwe, ulikuwa umejaa majumba ya mawe ambayo mtu wa namna hiyo hakuweza hata kuyaulizia bei. Nyuma yake palikuwa na hori ya bahari iliyojaa maji kwa bamvua na kugeuka matope yakitoka, na mbele ya hori hiyo kulikuwa Ng'ambo. Jina hilo linatosha kuonyesha nani aliyelitunga: mtu aliyekaa upande wa mawe akitazama upande wa pili. Walioishi huko walikuwa na majina yao, na mengi ni ya miti: Miembeni, Mwembetanga, Michenzani.

Nyumba ya Ng'ambo ilijengwa kwa vitu ambavyo mtu angeweza kuvinunua kidogo kidogo. Boriti za mikoko zilisimamishwa, fito zikafungwa kwa kamba, kisha majirani wakaja kukandika udongo. Juu yalipandishwa makuti ya viungo. Mwenye uwezo zaidi alitia chokaa ukutani, akaongeza baraza mbele, na baada ya miaka akabadili makuti kwa bati au kwa madebe ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyoshwa. Hivyo nyumba haikununuliwa siku moja, ila ilikua na mwenyewe. Aliyeanza na chumba aliongeza cha pili, akapangisha kimoja, na kodi ya mpangaji ikanunua mlango.

Ila jambo lililowezesha yote haya halikuwa udongo wala makuti. Lilikuwa ada ya kutenganisha kiwanja na kilichosimama juu yake. Katika mwambao wa Waswahili ardhi yaweza kuwa ya mtu huyu na mnazi uliomo ukawa wa mtu yule, kadhalika nyumba. Mjenzi wa Ng'ambo aliimiliki nyumba yake kikamilifu: aliweza kuiuza, kuiweka rehani, kuirithisha. Pale chini, hata hivyo, palikuwa pa mwenyewe. Bila ada hiyo mtu aliyetoka utumwani mikono mitupu asingepata makao yake ya kwanza katika uhai wake, kwani asingaliweza kununua nyumba na ardhi kwa mpigo. Wataalamu wa sheria za Ulaya waliiona ada hii kuwa mchafuko. Ukweli ni kwamba ilikuwa ngazi, na walioipanda hawakuwa wanaume peke yao. Miongoni mwa wenye nyumba wa Ng'ambo wanawake walikuwa wengi, na kwa mwanamke aliyewahi kuwa mali ya mtu, hati ya nyumba yenye jina lake haikuwa karatasi tu. Siti binti Saad, aliyekuwa akiuza vyungu, aliingia mjini kutoka Fumba mwaka 1911, na ni Ng'ambo alikoweka maskani.

Mwanzoni wenye ardhi wengi hawakudai kitu, au walidai kidogo. Bwana wa zamani aliwaacha watu wake wajenge katika kiunga chake, nao wakaendelea kumwamkia, kuhudhuria shughuli zake na kumtukuza mbele za watu. Wengine waliifanya ardhi kuwa wakfu kwa ajili ya watumwa waliowaacha huru. Mambo yaligeuka heshima ilipopungua thamani mbele ya fedha. Wenye ardhi waliingia katika madeni, viwanja vikapita katika mikono ya watu wasiowajua wakaazi wake, na Kamisheni ya Wakfu, iliyoundwa na utawala wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, ikaanza kuvitazama viwanja vya wakfu kwa jicho la mhasibu. Kodi ya ardhi ikawekwa, ikapanda, ikapanda tena. Hapo ndipo ada iliyokuwa ngazi ilipoonyesha upande wake wa pili, kwa maana mwenye nyumba hakuweza kuibeba nyumba yake akaondoka. Udongo uliokandikwa haung'oki. Akishindwa kulipa, jasho lake lote lilibaki mkononi mwa mwenye kiwanja.

Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Mgomo huo ulikusanya watu wa makabila na mitaa mbalimbali, na serikali ililazimika kuingilia kati kwa sheria ya kuzuia upandishaji wa kodi. Historia zilizoandikwa kwa ajili ya shule huupita haraka, zikikimbilia vyama vya siasa vya miaka ya 1950. Ni kosa. Wagomaji wale hawakudai bendera. Walishikilia kuwa mtu aliyeigeuza nyika kuwa mtaa ana haki juu ya mtaa huo, hata kama hati iko mfukoni mwa mwingine. Katika mwaka huo huo Siti alikuwa Bombay akirekodi nyimbo zake katika santuri, na sauti ya Ng'ambo ikarudi kisiwani ndani ya sanduku.

Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na mwenye kiwanja wa zamani akatoweka. Nyumba za udongo nazo zikaanza kutoweka. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki serikali ya Abeid Karume ilianza kujenga majumba ya ghorofa, na huko Michenzani safu ndefu za majumba hayo zilipangwa katika umbo la msalaba kukata katikati ya mitaa ya zamani. Waliobomolewa nyumba zao walipewa fleti. Walipata maji ya bomba, umeme na choo cha ndani, mambo yasiyofaa kudharauliwa na asiyewahi kuchota maji kisimani. Ila fleti haiongezwi chumba binti akiolewa, wala haina ua, wala baraza.

Wakaazi waliteremka chini kuitafuta baraza. Penye kivuli cha majumba yale, hadi leo, watu hukaa jioni kunywa kahawa, kucheza bao na kubishana juu ya siasa. Vikao vya namna hiyo mjini Unguja huitwa maskani, neno ambalo zamani lilimaanisha nyumba anamoishi mtu.