Tunduma, Reli na Linux: Historia Fupi ya Mifumo Isiyopatana

Mwezi Agosti 1973 wajenzi wa reli ya Tanzania na Zambia waliifikisha njia yao Tunduma, wakavuka mpaka kuingia Nakonde. Reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, tumezoea kuikumbuka kwa siasa yake: Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda, mkopo wa China usio na riba, na shaba ya Zambia iliyotafuta bahari bila kupitia kwa makaburu na walowezi wa Rhodesia. Katika makala hii naomba tuitazame kwa kipimo kimoja tu, milimita 1,067, yaani nafasi iliyopo kati ya chuma kimoja cha reli na kingine. Kipimo hicho kinaeleza vizuri kuliko vitabu vingi vya kompyuta tatizo linalowakabili wanafunzi wetu na maofisa TEHAMA wa halmashauri kila wanapopandisha toleo la mfumo wa Linux: vifurushi vinavyokataa kukaa pamoja.

Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000. Reli ya Zambia, iliyoingia nchini humo kutoka kusini, ina milimita 1,067. China yenyewe hutumia milimita 1,435. Kwa hiyo mafundi walipokaa kuchora TAZARA walikuwa na vipimo vitatu mezani, na ilibidi wachague kimoja. Walichagua cha Zambia, kwa sababu reli isiyoweza kupokea mabehewa ya Kapiri Mposhi ingekuwa imejengwa bure. Inafaa tukumbuke kwamba aliyejenga hakuleta kipimo cha kwao.

Uchaguzi huo ulikuwa na gharama. Behewa lililotoka Zambia liliweza kufika Dar es Salaam, lakini halikuweza kugeuka kwenda Kigoma wala Mwanza. Pale Kidatu, ambako tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa hukutana na TAZARA, mzigo hulazimika kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Tangu mwaka 2024, treni za abiria za reli ya kisasa zilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kipimo cha tatu, kile cha milimita 1,435, nacho kimo nchini.

Katika historia hii hakuna mjinga. Mhandisi Mjerumani wa mwaka 1905 hakuwa na namna ya kumjua Kaunda, na mhandisi wa mwaka 1970 hakuwa na namna ya kuijua reli ya umeme. Kila mmoja alifanya uamuzi sahihi kwa kile alichokitegemea wakati ule. Mgongano ulizaliwa baadaye, maamuzi mawili sahihi yalipokutanishwa mahali pamoja. Hali ndiyo hiyo hiyo kwa vifurushi vya Linux, na ndiyo maana ofisa anayetafuta wa kumlaumu mfumo unapokataa kupanda toleo mara nyingi hupoteza siku yake.

Linus Torvalds alitoa kiini cha Linux mwaka 1991. Miaka ya mwanzo, kuweka programu kulimaanisha kuchukua msimbo wake na kuujenga mwenyewe kwenye mashine yako, ukitafuta kwa mkono kila kitu uliochohitaji. Agosti 1993 Ian Murdock alitangaza mradi wa Debian, ambamo kila programu ilifungwa katika kifurushi (si kile cha intaneti tunachonunua kwenye simu) chenye waraka wake: jina, toleo, vitu kinavyovitegemea, vitu kisivyoweza kuishi navyo, na vile kinavyochukua nafasi yake. Programu iitwayo dpkg ndiyo iliyosoma waraka huo. Tabu ni kwamba dpkg ilisoma waraka uliokuwa mbele yake tu. Ilipokuta kinachotegemewa hakipo, ilikataa na kukuacha hapo hapo. Watumiaji wa Red Hat walipitia mateso yale yale, na hali hiyo ikapewa jina la jehanamu ya utegemezi.

Ufumbuzi uliingia rasmi katika Debian 2.1 mwezi Machi 1999, nao uliitwa APT. Huu haukutazama kifurushi kimoja. Uliangalia ghala zima, ukapiga hesabu ya nini kiingie, nini kitoke na kwa mpangilio gani. Hesabu hiyo si ndogo. Mwaka 2006 watafiti wa mradi wa Ulaya ulioitwa EDOS walionyesha kwamba swali la iwapo kifurushi fulani kinaweza kusimikwa pamoja na vyote kinavyovihitaji limo katika kundi la maswali magumu kabisa ya sayansi ya kompyuta, yale yasiyo na njia ijulikanayo ya kuyajibu haraka katika kila hali. Hivyo APT inaposema imeshindwa, isidharauliwe.

Kwetu, programu huria zilipata sauti ya Kiswahili mwaka 2004, pale mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden ulipotoa Jambo OpenOffice. Mwezi Oktoba mwaka huo huo ikatoka Ubuntu, yenye jina ambalo ni ndugu wa damu wa utu wetu, nayo imejengwa juu ya Debian.

Migongano huja kwa sura kadhaa. Wakati mwingine vifurushi viwili hudai faili moja, na dpkg hukataa kimoja kufuta cha mwenzake. Wakati mwingine programu ya zamani inataka toleo la kwanza la maktaba fulani, nao mfumo mpya umekuja na la pili. Lakini ninayokutana nayo mara nyingi zaidi ni ile ya ghala la nje: mtu fulani, miaka kadhaa iliyopita, alihitaji toleo jipya la programu ya hifadhidata, akaongeza ghala lisilo la mfumo wenyewe, kazi ikaenda, naye akahamishwa kituo bila kuandika popote alichokifanya. Siku ya kupanda toleo, mfumo unamkuta mgeni asiye na barua.

Utatuzi wake ni kazi ya subira. Kwanza ni nakala rudufu, iliyojaribiwa na kuonekana kuwa inarejeshwa kweli. Pili ni kusoma maelezo ya toleo jipya, na kupanda hatua moja moja. Debian haiungi mkono kuruka toleo. Kisha hutafutwa vifurushi vilivyotoka nje ya ghala rasmi na vile vilivyozuiliwa visipande, na mashine iambiwe iigize zoezi lote bila kugusa kitu. Amri ya aptitude why-not hueleza ni nani anayemzuia nani, na kwa sababu gani. Baada ya hapo ndipo mwanadamu aamue nani apishe: mara nyingi mgeni huondolewa, takwimu zake zikihifadhiwa, mfumo ukapanda, naye akarudishwa kwa toleo lililojengwa kwa ajili ya mfumo mpya.

Ipo njia ya mkato, ile ya kulazimisha. dpkg ina maneno ya kuiamuru ifute faili ya mwenzake bila kuuliza. Mara nyingi hufanikiwa siku hiyo. Miezi mitatu baadaye kifurushi kimoja kikiondolewa, kinaondoka na faili ambayo kingine kilikuwa kinaitumia, na aliyelazimisha amekwishapata cheo kwingine. Hatari nyingine ni ya kimyakimya zaidi. Kabla ya kupanda, APT huonyesha orodha ya vitakavyoondolewa, na mchovu hubonyeza “ndiyo” bila kuisoma. Mashine haijui kama kinachoondolewa ni mchezo wa karata au daftari la wagonjwa. Kwake vyote ni vifurushi vyenye masharti. Orodha ile ni waraka wa kisiasa. Inataja nani atapoteza nini, na kwa maoni yangu katika ofisi ya umma isingepaswa kuidhinishwa na kijana mmoja saa tano za usiku kwa sababu agizo la juu limesema mfumo uwe umehama ifikapo Jumatatu. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imetupa mamlaka na viwango. Utaratibu wa nani anasoma orodha ile bado hutegemea uungwana wa kila ofisi.

Turudi Tunduma, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya. Ukisimama pale mpakani unakutana na mgongano wa aina hii ambao haukutatuliwa kwa kumwondoa yeyote. Tanzania hufuata sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Zambia haimo katika jumuiya hiyo. Zambia imo COMESA. Sisi tulijitoa mwaka 2000. Hata programu ni mbili: TRA iliachana na ASYCUDA++ mwaka 2014 na kuingia TANCIS, iliyojengwa kwa msaada wa Wakorea, wakati wenzetu walibaki katika ukoo wa ASYCUDA. Kinachotuunganisha ni SADC, na lori lenyewe.

Tarehe 5 Oktoba 2019 Marais Magufuli na Lungu walizindua kituo cha pamoja cha mpakani, kwa mtindo ambao Zambia na Zimbabwe walikuwa wameuanza Chirundu mwaka 2009. Kanuni yake ni rahisi: gari husimama mara moja, katika nchi linakoingia, na maofisa wa nchi zote mbili hulikagua hapo. Lori liendalo Zambia humaliza Nakonde. Lijalo kwetu humaliza Tunduma. Hakuna aliyefuta sheria ya mwenzake. Waliafikiana mahali pa kukutania na nani atangulie kazi, kila upande ukabaki na utegemezi wake.

Hata hivyo jengo haliunganishi seva. Foleni za malori zimeendelea kuonekana hapo baada ya uzinduzi, na sababu zake ni nyingi, kuanzia barabara hadi nyaraka. Moja iliyo ndani ya uwezo wetu ni hii: mfumo wa upande mmoja unapozimwa ili upandishwe toleo, dereva wa upande wa pili naye husimama, maana kituo ni kimoja. Ratiba ya matengenezo ya Dar es Salaam ingefaa iwekwe sahihi na Lusaka pia, na kubandikwa ukutani Nakonde siku saba kabla.