Riwaya ya Kitereza Inadai Tanbihi

Kaskazini-magharibi ya Magu, ng'ambo ya Ghuba ya Speke, kiko kisiwa cha Ukerewe. Huko ndiko Aniceti Kitereza, mjukuu wa mtawala Machunda, alikomaliza riwaya yake mwaka 1945. Aliiandika kwa Kikerewe ili vijana wajue wazee wao walivyolima, walivyovua, walivyooana na kutibiana. Padri Almas Simard, Mkanada, alimtia moyo na kuhangaika kuutafutia mswada mchapishaji. Padri huyo alifariki bila kumpata.

Lugha ya watu wachache ilikuwa kikwazo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gerald Hartwig, mwanahistoria Mmarekani, alifika kisiwani na mkewe Charlotte. Wakamhimiza mzee huyo aigeuze kazi yake kwa Kiswahili. Aliigeuza mwenyewe, umri umeshapita miaka 70. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla hajakishika kitabu chake mkononi.

Ndani ya kurasa zile mfasiri ndiye pia mfafanuzi. Akifika kwenye dawa, mtego au mwiko, Kitereza husimamisha kisa kwanza aeleze. Myombekere anapotozwa pombe ya ndizi na wakweze ili arudishiwe mke, msomaji anafundishwa na namna ya kuitengeneza. Wapo wanaoona maelezo hayo yanachosha. Hasha, ndiyo moyo wa kitabu.

Wageni wamehudumiwa vizuri. Wilhelm Möhlig aliifasiri kwa Kijerumani, juzuu mbili, 1991 na 1993. Gabriel Ruhumbika, mwandishi mzaliwa wa Ukerewe, aliurudia mswada wa Kikerewe, na tafsiri yake ya Kiingereza ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2002.

Msomaji wa Kiswahili wa leo naye anastahili toleo lililohaririwa upya, lenye tanbihi, ramani, michoro na faharasa ya mimea. Vijana wengi wa Magu hawajapata kusaga ulezi kwenye jiwe kama wazee wale. Lakini vielelezo haviko mbali: Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, Kisesa, yaliyoasisiwa na Padri David Clement, yamehifadhi ngoma, zana na vyombo vya nyumbani vya watu waliokuwa majirani wa Wakerewe.

Wachapishaji na vyuo vyetu waianze kazi hiyo sasa, wakati wazee wanaoijua mimea ya riwaya hiyo kwa majina yake ya Kikerewe wangali hai.