Tango na Muhuri wa Paris

Mwaka 1954 Astor Piazzolla, mpigaji wa bandoneoni kutoka Argentina, aliwasili Paris kwa ufadhili wa serikali ya Ufaransa. Alikwenda kusomea utunzi kwa Nadia Boulanger. Alimwonyesha mwalimu huyo tungo zake za klasiki, lakini akamficha kwamba riziki yake ilitoka katika kumbi za tango za Buenos Aires.

Aibu hiyo ilikuwa na historia. Tango lilizaliwa katika karne ya 19 kwenye mitaa ya mafukara, kando ya mto Río de la Plata, ambako ngoma za wazao wa watumwa wa Kiafrika zilikutana na nyimbo za wahamiaji kutoka Ulaya. Hata bandoneoni, kinanda cha mvukuto, asili yake ni Ujerumani. Matabaka ya juu yalilidharau tango mpaka Paris ilipolishangilia kabla ya Vita Kuu ya Kwanza; ndipo nayo yakalifungulia milango.

Kwa simulizi ya Piazzolla mwenyewe, Boulanger alikiri kwamba tungo zile zimeandikwa vyema, ila hakumwona mwenyewe ndani yake. Aliposikia tango lake, alimwambia kuwa huyo ndiye Piazzolla wa kweli.

Aliporejea nyumbani mwaka 1955 aliunda kundi la wapigaji wanane, na mwaka 1960 kundi la watano: bandoneoni, fidla, piano, gitaa la umeme na besi. Humo aliingiza ufundi wa Bach, wa sauti moja kuanza na nyingine kuifuata kwa kuijibu. Muziki huo ulikuwa wa kuketi na kusikiliza. Wahafidhina wakapiga kelele kwamba hilo si tango.

Wengi hulisoma tukio hili kama ushindi wa elimu ya kigeni iliyomrudisha msomi kwao. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Argentina ilijitangazia uhuru mwaka 1816. Karibu karne moja baadaye matajiri wake, na zaidi ya karne moja baadaye mtunzi wake hodari, walikuwa bado wakingoja muhuri wa Paris ndipo wathamini kilichozaliwa mlangoni pao.

Kujifunza kwa Bach hakukumpunguzia Piazzolla chochote. Kilichomdhili ni kuamini kwamba alihitaji kibali. Bendera hupandishwa kwa usiku mmoja. Uwezo wa kujipimia thamani huchukua vizazi.